Injini ya dizeli yenye turbo imekosa nguvu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nguvu ya injini ya dizeli inategemea mambo matatu: hewa ya kutosha iingie, dizeli ya kutosha iingie kwa wakati wake, na moshi upate njia ya kutoka. Turbo, feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini, imekaa katikati ya yote matatu, ndiyo maana hulaumiwa kwanza na kufunguliwa kwanza, hata pale ambapo kosa ni mpira uliopasuka au filta iliyoziba. Majibu haya yanafuata mwendo wa kazi yenyewe: unapima kwanza, ndipo unashika spana.

Nitajuaje kama kweli ni injini, na si kitu kingine kinacholizuia gari?

Tazama mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika. Ukikanyaga mafuta ukiwa gia ya nne au ya tano, mizunguko ikapanda mbio na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza na injini haina kosa. Kwa gari la otomatiki, kuteleza kwa namna hiyo kutafutwe kwenye gia boksi.

Kisha endesha kilomita chache bila kutumia breki sana, simama, upitishe kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikitoa joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki hiyo imeshika na gari linajiburuta.

Usisahau pedali ya mafuta. Kwa magari mengi ya kisasa pedali haivuti waya wa chuma. Ni sensa inayoiambia kompyuta mguu umefika wapi. Washa swichi bila kuwasha injini, unganisha skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), kanyaga hadi mwisho. Namba itoke 0 ifike karibu asilimia 100. Ikigota kwenye 70, inua kapeti uangalie kama halijajikunja chini ya pedali kabla hujaagiza sensa.

Kwa nini gari linakata nguvu ghafla mlimani, lakini nikizima na kuwasha tena linarudi sawa?

Kompyuta imeliingiza gari katika hali ya kujilinda. Imeona kitu kisichokubalika, imepunguza dizeli na kuiacha turbo isifanye kazi, na gari sasa linakwenda kama halina turbo kabisa. Mengi hayavuki mizunguko 3,000 katika hali hiyo. Ukizima swichi na kuwasha, kompyuta inalipatia gari nafasi nyingine mpaka kosa lijirudie.

Kukatika huku kwa ghafla ni dalili tofauti na uzito wa siku zote. Gari lililo zito tangu asubuhi hadi jioni linakosa hewa, dizeli au njia ya moshi kwa kiasi kilekile muda wote. Gari linalovuta vizuri, halafu likakata katikati ya mzigo, kwa kawaida limepitisha presha ya turbo juu ya kiwango, limeshindwa kuifikia, au presha ya dizeli imeanguka. Hali hizi zina namba zake: P0234 ni presha ya turbo iliyozidi, P0299 ni presha ya turbo iliyopungua, P0087 ni presha ya dizeli iliyoshuka kwenye reli, yaani bomba linalogawia injekta dizeli ya presha kubwa.

Kwa hiyo usifute namba kabla ya kuziandika. Andika pia kumbukumbu ya wakati kosa lilipotokea, kwa skana zinazoionyesha: mizunguko, mwendo, joto la maji na mzigo wa injini. Kumbukumbu hiyo inakuambia ulirudie kosa kwenye hali gani.

Taa ya injini haijawaka. Skana itanisaidia nini?

Inasaidia sana. Kompyuta huandika kosa pale tu kipimo kinapovuka mpaka uliowekwa kiwandani, na presha ya turbo inaweza kupungua kiasi cha dereva kuhisi bila mpaka huo kuvukwa. Soma namba zinazotembea, yaani vipimo vinavyobadilika injini ikifanya kazi, usiishie kwenye orodha ya makosa.

P0299 maana yake turbo imekufa?

Hapana. Maana yake presha iliyoombwa haikupatikana. Mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) uliochomoka unaleta namba hiyo, mpira mdogo wa vakyumu uliopasuka unaileta, EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye njia ya hewa) iliyobaki wazi inaileta, kichujio cha masizi kilichoziba kinaileta, hata filta ya hewa iliyojaa vumbi inaweza kuileta. Namba inakutajia kipimo kilichokosekana tu, na sababu yake bado hujaijua.

Rangi ya moshi inaniambia nini?

Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi hewa. Ukitoka mwingi wakati wa kuvuta, tafuta kwanza uvujaji wa hewa baada ya turbo, EGR iliyokwama wazi, na injekta (zinazopulizia dizeli kwenye silinda) zinazomwaga. Moshi mweupe unaochoma macho, injini ikiwa imeshapata moto, ni dizeli isiyoungua: injekta mbovu, mshindilio mdogo (hewa isiyobanwa vya kutosha kwenye silinda), au taimingi (mpangilio wa wakati wa injini) iliyosogea. Wa bluu ni oili.

Dalili inayosahauliwa ni nguvu kupungua bila moshi wowote. Hapo elekea upande wa dizeli, au kompyuta imejizuia yenyewe. Lakini kama gari lina kichujio cha masizi kilicho kizima, moshi mweusi hutauona nyuma hata ukiwepo. Kichujio kinaumeza, na utakuja kuujua kwa jinsi kinavyojaa haraka.

Kipimo cha barabarani kinafanywaje?

Hiki ndicho kipimo kinachookoa fedha kuliko vyote, na hakihitaji kufungua nati hata moja. Tafuta barabara iliyo wazi, yenye mwinuko kidogo ikiwezekana, na mtu wa pili wa kushika skana. Dereva asisome skana. Injini iwe imepata moto wake wa kawaida.

Chagua vipimo hivi virekodiwe pamoja: mizunguko, pedali, presha ya turbo inayotakiwa na iliyopo, hewa inayoingia, presha ya reli inayotakiwa na iliyopo, na asilimia ya amri inayokwenda kwenye turbo. Ingia gia ya tatu, shuka hadi mizunguko 1,500, kanyaga mafuta hadi mwisho na ushikilie mpaka 3,500 au 4,000. Achia. Rudia mara mbili.

Sasa soma jozi. Tuseme kwenye mizunguko 2,200 kompyuta inaomba presha ya hewa ya kPa 215 na iliyopo ni 145. Angalia presha ya reli kwa sekunde hiyohiyo. Kama iliombwa bar 1,300 na iliyopo ni 1,290, dizeli haina lawama. Tatizo liko upande wa hewa au wa moshi. Angalia tena amri ya turbo: kama kompyuta inaisukuma hadi mwisho wa uwezo wake na presha haipandi, basi amri inatolewa lakini haitekelezwi. Ama fimbo haisogei, ama hewa inavuja, ama moshi hauizungushi turbo inavyopaswa.

Ikiwa kinyume chake, hewa inafuata vizuri lakini reli iliombwa bar 1,400 ikabaki 900, achana na turbo kabisa uende kwenye dizeli.

Linaloamua ni kipi kilianza kuachana na mwenzake. Mara kompyuta ikishajizuia, vipimo vyote vinashuka pamoja na huwezi tena kutofautisha chanzo na matokeo. Rudisha rekodi nyuma hadi sekunde kabla ya kukatika.

Kuna cha kupima kabla hata ya kuwasha injini?

Kipo, na kinachukua dakika moja. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, sensa ya presha ya hewa isome sawa na hewa ya nje: karibu kPa 101 usawa wa bahari, karibu 85 kwenye mwinuko wa mita 1,500. Linganisha na sensa ya hewa ya nje kama gari linayo. Zikipishana kwa zaidi ya kPa 3 au 4, sensa mojawapo inadanganya. Ya kwenye njia ya hewa mara nyingi imefunikwa masizi na oili. Ifungue, isafishe taratibu kwa dawa ya kusafishia sensa, ikauke, usome tena.

Sensa ya tofauti ya presha kwenye kichujio cha masizi isome sifuri, au karibu kabisa na sifuri. Ikisoma kPa 3 huku injini imelala, namba zake zote za barabarani ni za uongo.

Hewa huvujia wapi, na naitafutaje?

Anza na mlio. Hewa inayovuja baada ya turbo hutoa mfoko unaoongezeka unapokanyaga na kukatika unapoachia. Usiuchanganye na mluzi mwembamba wa turbo, ambao kwa kiasi fulani ni wa kawaida.

Kisha tumia tochi na vidole. Ndani ya mipira ya intakula huwa kuna utando wa oili unaotoka kwenye njia ya kupumulia ya injini, na utando huo peke yake si ugonjwa. Ila unapotoka nje unakuonyesha tundu lilipo. Pitisha kidole upande wa chini wa kila mpira, pale unapoingia kwenye bomba na kwenye mikunjo. Ukikuta vumbi limeganda na oili kuwa tope jeusi mahali pamoja, huku mpira mwingine wote ni mkavu, hapo ndipo. Bana mpira kwa mkono kwenye mkunjo: mpasuko ambao haukuonekana unafunguka kama mdomo. Mpasuko wa namna hiyo hufungwa na mpira wenyewe injini ikiwa imepoa na kutulia, ukafunguka tu presha inapopanda, ndiyo maana wengi wanaupita.

Njia ya uhakika ni kuziba mdomo wa kuingilia turbo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, kisha kujaza hewa polepole hadi bar 0.7 au 1, usizidishe. Paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, kwenye intakula yenyewe (hasa pembeni ambako plastiki imebanwa kwenye bati), kwenye sensa na kwenye gasketi ya manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa). Hewa itasikika pia ikipita kwenye silinda na kutokea kwenye njia ya oili. Hiyo haikwepeki, usiifukuzie. Mashine ya moshi nayo hufanya kazi nzuri, ila kwa kuwa presha yake ni ndogo, mpasuko unaojifunga unaweza kuukosa.

Mipira midogo ya vakyumu ina umuhimu gani?

Kwenye turbo inayoendeshwa kwa vakyumu, kopo dogo huvuta fimbo, na fimbo hugeuza vibao vilivyo ndani ya turbo. Vakyumu ikipungua, vibao havifungi na turbo haipati kasi. Mpira wa unene wa kalamu, uliokauka kwa joto, unatosha kulifanya gari lishindwe mlima.

Chomoa mpira kwenye pampu ya vakyumu na uweke geji: injini ikinguruma taratibu, tegemea bar 0.8 hadi 0.95 chini ya hewa ya nje. Kisha pima kwenye valvu ya umeme inayodhibiti turbo, upande wa kuingia. Namba ikiwa imeshuka, kuna uvujaji njiani. Kumbuka matawi yanayokwenda kwenye breki na EGR hula vakyumu ileile.

Mwisho, unganisha pampu ya mkono kwenye kopo la turbo. Fimbo ianze kusogea mapema, imalize mwendo wake kwenye bar 0.5 au 0.6, isogee laini bila kuruka, na ikae palepale kwa dakika nzima. Ikirudi yenyewe, ngozi ya ndani ya kopo imetoboka. Ikisogea kwa mikatiko, vibao vimeshikwa na masizi. Turbo zenye mota ya umeme hazina kopo hili. Kwa hizo tumia skana kuiamuru mota ifike mwisho wa pande zote mbili huku unaitazama fimbo kwa macho.

Kosa ni P0234, presha imezidi. Mbona tena nakosa nguvu?

Mara nyingi ni kwa sababu vibao vimekwama vikiwa vimefunga. Vikifunga, moshi unapita kwenye nafasi nyembamba kwa kasi kubwa, turbo inaamka mapema, na gari linavuta vizuri sana chini. Mizunguko ikipanda vibao vilipaswa kufunguka; visipofunguka, presha inapitiliza na kompyuta inakata. Dereva atakuambia gari liko sawa mjini ila linakata likiwa linapita gari jingine.

Masizi haya hujikusanya zaidi kwenye gari linaloendeshwa polepole siku zote, kwani vibao havitembei mwendo wake wote. Kusafisha kunawezekana, lakini turbo ifunguliwe upande wa moshi na pete ya vibao isafishwe kwa mkono mpaka kila kibao kicheze. Dawa ya kupulizia kupitia njia ya hewa haifiki mahali pale. Wakati wa kufungua, weka alama ya urefu wa fimbo na skrubu ya kikomo. Ukizigusa bila kipimo umeharibu urekebishaji wa kiwandani.

Nitajuaje kama turbo yenyewe ndiyo imekwisha?

Toa mpira wa kuingizia hewa injini ikiwa imezimwa na imepoa. Shika nati ya katikati ya feni, usukume mbele na nyuma. Mchezo wa kwenda mbele na nyuma usihisike kwa vidole, au uhisike kwa shida. Mchezo wa pembeni kidogo upo hata kwenye turbo mpya, kwa kuwa mhimili huelea juu ya oili, lakini ukisukuma huku unazungusha, ncha za feni zisiguse ukuta. Angalia ncha zenyewe: zikiwa zimelika au kupinda, kuna kitu kilipita. Tafuta pia mstari mpya unaong'aa ukutani.

Mlio kama king'ora unaopanda na mizunguko ni wa turbo iliyokwisha. Hapo usiendelee kuendesha. Oili ikianza kumwagika kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli inaweza kuichoma kama mafuta na kupanda mizunguko yenyewe hata ukizima swichi. Likitokea hilo kwenye gari la gia ya mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, ingiza gia ya juu kabisa na uachie klachi ili injini ife.

EGR inaondoaje nguvu?

Valvu hii hurudisha sehemu ya moshi kwenye njia ya hewa wakati mzigo ni mdogo. Ikikwama wazi, moshi unakalia nafasi ya hewa safi, na sehemu ya moshi uliopaswa kuizungusha turbo inapotea. Gari linakuwa zito chini ya mizunguko 2,000 na linatoa moshi mweusi.

Pima hivi: injini ya moto ikinguruma taratibu, soma hewa kwa kila pigo la silinda. Hesabu yake ni rahisi. Silinda ya lita 0.5 inabeba takribani miligramu 600 za hewa usawa wa bahari ikijaa kabisa. Kwa kuwa haijai kabisa, tegemea kama 450 hadi 500 EGR ikiwa imefungwa. EGR ikifanya kazi namba hushuka sana. Iamuru valvu ifunge kwa skana. Namba ikipanda, inafunga. Ikibaki chini, imekwama wazi au sensa ya hewa inasoma vibaya. Bati la kuziba EGR liwe la kupimia tu, kisha litolewe: kuliacha humo kunaleta makosa mapya kwenye kompyuta na katika nchi nyingi ni kinyume cha sheria.

Ukiwa hapo, angalia manifoldi ya hewa. Masizi yakichanganyika na oili huwa lami, na tundu la upana wa vidole vitatu linaweza kubaki la kidole kimoja.

Nikichomoa sensa ya hewa gari linavuta. Nibadilishe sensa?

Ni dalili nzuri, haijawa hukumu. Ukiichomoa, kompyuta hutumia makadirio yake na mara nyingi husimamisha EGR pia, kwa hiyo nafuu inaweza kuwa imetokana na EGR kufungwa. Safisha sensa kwa dawa yake, si ya kabureta, hakikisha hakuna uvujaji kati ya sensa na turbo, kisha ulinganishe namba kama hapo juu.

Kichujio cha masizi kimeziba: napima vipi, na kinasafishika?

Baada ya kuhakiki sifuri ya sensa, soma tofauti ya presha injini ikiwa ya moto. Kwa magari madogo tegemea chini ya kPa 2 injini ikinguruma taratibu. Shikilia mizunguko 2,500 bila mzigo. Ikivuka kPa 10 moshi hauna njia ya kutosha. Kagua kwanza mipira miwili inayokwenda kwenye sensa. Uliopasuka au kuziba huifanya kompyuta iamini kichujio kimejaa wakati ni kitupu, au kinyume chake.

Ukitaka kuamini macho badala ya sensa, chomoa mpira wa upande wa mbele ya kichujio na uweke geji hapo.

Kilichojaa masizi huchomwa: kompyuta huongeza dizeli ili moshi ufike nyuzi joto 600 hivi, masizi yakaungua kwa dakika 10 hadi 20. Kazi hiyo haianzi kama mafuta yako chini kwenye tanki, kama kuna kosa la EGR au la sensa ya joto, au kama thamosta imebaki wazi na injini haipati moto. Ndiyo sababu kulazimisha uchomaji kwa skana kunafaulu leo na kichujio kinajaa tena wiki ijayo: kilichozuia uchomaji bado kipo. Fanyia nje, mbali na majani makavu. Masizi yakiwa mengi kupita kiwango cha mtengenezaji, usilazimishe. Joto linaweza kukiyeyusha kichujio.

Majivu ya oili ni jambo jingine. Hayaungui kwa joto lolote la gari. Kichujio hufunguliwa kikaoshwe kwa mashine au kibadilishwe. Oili yenye majivu machache, ya daraja la ACEA C, ndiyo inayokirefushia maisha.

Presha ya reli inaanguka nikikanyaga. Nianze wapi?

Onyo kwanza. Reli hubeba bar 250 hadi 350 injini ikinguruma taratibu, na kwa mzigo hufika 1,600, kwa mifumo mipya 2,000 na zaidi. Usilegeze nati ya bomba la presha kubwa injini ikiwaka, na usitafute uvujaji kwa mkono. Mchirizi usioonekana unapenya ngozi. Tundu linafanana na la sindano lakini mtu huyo anatakiwa hospitali saa ileile. Tumia kipande cha boksi. Baada ya kuzima, subiri mpaka skana ionyeshe presha imeisha.

Sasa kazi. Anza na filta ya dizeli, kwani ndiyo rahisi. Imwage yote kwenye chupa safi inayoonyesha, uiache itulie kwa nusu saa. Maji hukaa chini na mstari wake unaonekana wazi. Tazama pia kama kuna chembe zinazong'aa; chovya kidole uzitoe na uzipeleke kwenye mwanga. Zikimeta kama rangi ya fedha, pampu ya presha kubwa inajisaga, na hapo kubadilisha pampu peke yake ni kuiua mpya: reli, injekta, mabomba na tanki lazima visafishwe au vibadilishwe.

Filta ikiwa safi, weka kipande cha mpira unaoonyesha kabla ya pampu. Mapovu madogo yanayopita mfululizo ni hewa inayoingia kwenye ungio lililolegea au o-ringi iliyokufa. Mahali ambapo hewa inaingia, dizeli si lazima ivuje nje, kwa sababu upande huo pampu inavuta. Kama gari lina pampu ndani ya tanki, pima presha yake ulinganishe na ya mtengenezaji.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye valvu ya kudhibiti presha, kisha injekta, na pampu iwe ya mwisho.

Injekta zinapimwaje bila kuzitoa?

Chomoa mipira ya marejeo, unganisha kila injekta na chupa yake yenye vipimo, washa injini kwa dakika mbili. Dizeli iliyorudi ilingane. Injekta inayorudisha mara mbili ya wenzake inavuja ndani, na kwa mzigo inaiangusha presha ya reli. Zikirudisha nyingi zote, pampu inaweza kuwa nzima ikashindwa kuzijaza. Soma pia marekebisho ya kila silinda kwenye skana: namba iliyojitenga na nyingine inakuonyesha silinda ya kuangalia, ingawa mshindilio mdogo nao unaleta namba hiyohiyo.

Nguvu inapungua injini ikishapata moto tu. Kwa nini?

Dizeli ya moto ni nyepesi, hivyo injekta na pampu zilizolika huvuja zaidi. Rudia kipimo cha marejeo injini ikiwa ya moto. Mpira wa intakula nao hulainika na kufunguka. Na kama maji yanapanda joto kupita kawaida, kompyuta hupunguza nguvu makusudi. Hapo tibu rejeta.

Na nguvu ikipungua tanki likifika robo?

Huenda bomba la kuvutia ndani ya tanki limepasuka au chujio lake limeziba. Fungua kifuniko cha tanki wakati nguvu imepungua: kikivuta hewa kwa mfoko na gari likapona, tundu la kupumulia la tanki limeziba.

Gari ni zito nikipanda maeneo ya juu. Ni ugonjwa?

Kidogo ni kawaida. Presha ya hewa hupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi katika mita 1,000 za mwanzo. Turbo hufidia, lakini huchelewa kuamka, hasa kwenye mizunguko ya chini. Likikata ghafla, huo ni ugonjwa.

Ni lini nifikirie mshindilio na taimingi?

Hewa, moshi na dizeli vikishapita vipimo, au mapema zaidi kama gari linawaka kwa shida na mkanda au cheni imeguswa karibuni. Jino moja likirukwa linatosha. P0016 huashiria hilo. Mshindilio wa dizeli nyingi ni bar 20 hadi 30, na tofauti kati ya silinda isizidi 3 hadi 5.

Dawa za kumimina kwenye tanki zinasaidia?

Husaidia injekta yenye uchafu mdogo. Haziungi mpira, hazifungui vibao vya turbo, hazitoi majivu. Pima kwanza.

Nimefunga turbo mpya, imekufa baada ya muda mfupi. Kosa liko wapi?

Karibu kila mara ni oili. Bomba dogo linalopeleka oili kwenye turbo huziba kwa kaboni kutokana na joto. Libadilishe pamoja na turbo, usilisafishe. Bomba la kurudisha liwe wazi, lisibanwe, na silikoni isipakwe kwenye gasketi zake, maana kipande kinachokatika huziba njia. Badilisha oili na filta, fungua intakula umwage oili na vipande vya turbo ya zamani vilivyobaki humo, na ukague kichujio cha masizi, kwa sababu moshi uliobanwa huchemsha turbo na kuusukuma mhimili upande mmoja. Kabla ya kuwasha, tia oili kidogo kwenye tundu la turbo, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake mpaka oili itokee kwenye bomba la kurudishia. Ikishawaka, iache ingurume taratibu dakika mbili au tatu bila kuikanyagia, huku unaangalia maungio.